Karatasi ya Maganda ya Kamba

Sunanda alichovya brashi kwenye uji mwepesi wa mchele, akaipaka karatasi upande mmoja, kisha wa pili. Ilipokauka iling'aa sawa na ile yenye dawa halisi. Akamfunga samaki ndani yake, akamlaza kwenye sanduku la maonyesho. Wenzake walikuwa wamekwenda kula.

"Profesa Kuruvilla," alinong'ona, "safari hii umeula wa chuya."

Dawa halisi ilikuwa yake. Mama yake alikuwa mmenya kamba wa baharini katika bandari ya Kochi, na maganda yalitupwa kwa malundo. Ni Sunanda aliyeyachukua, akayachemsha, akayasafisha mpaka akapata ute unaoua vijidudu. Samaki aliyefungwa kwa karatasi iliyopakwa ute huo alikaa bila kuoza hata watu wakadhani ni uchawi.

Kisha gazeti likatoka na habari za ugunduzi huo. Picha ilikuwa ya Kuruvilla, mkuu wa maabara, peke yake. Alipomwendea, mzee alimjibu bila kuinua macho: "Tulia, binti. Subiri siku ya maonyesho."

"Na wewe ukatulia?" Bindu, mwenzake wa maabara, alimwuliza.

"Nimetulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Mwenzangu, unanitisha."

Sanduku hilo na jingine la kulinganishia, lenye samaki wa karatasi tupu, yalitiwa lakiri, yakawekwa kwenye friji mpaka siku yenyewe. Ukumbi ulifurika wafanyabiashara wa samaki. Sunanda alishtuka kumwona mama yake kiti cha mbele, kajifunga sari mpya.

"Nani kamleta?"

"Profesa," Bindu alisema. "Kamtumia na gari."

Damu ilimchemka. Kumbe wizi peke yake haukumtosha, alitaka na mama mtu ampigie makofi. Basi na ashuhudie jinsi mwizi anavyoumbuka.

Kuruvilla alifungua kwanza sanduku la samaki aliyefungwa karatasi tupu. Watu waliziba pua, wakacheka. Sunanda alicheka kuliko wote. Mzee akalivuta la pili mbele yake.

"Kuna wakubwa waliotaka kuipora kazi hii," alisema. "Wangejua ni ya mtoto wa mmenya kamba, wangeimeza asubuhi ileile. Ndiyo maana nikaweka sura yangu mbele, wagombane na mimi. Jana hati ya kumiliki ugunduzi imetoka, na sasa hakuna wa kuigusa. Kazi hii ni ya Sunanda, na jina lililoandikwa ni lake peke yake. Kwa hiyo mimi sifungui. Mama yake ndiye atakayefungua."

Ukumbi mzima ulisimama kwa makofi. Mama alikuwa ameshapanda jukwaani, machozi yakimtiririka, vidole vyake vilivyochubuliwa na maganda vikiibandua lakiri.

"Njoo, mwanangu," aliita, akiinua kifuniko. "Njoo uwaonyeshe."