Riwaya za Mei

Agosti, shuleni kwake Marekani, darasa likiwa bado tupu, Mwalimu Loretta alikuwa amemaliza kupanga masomo ya Kiingereza ya mwaka mzima: Septemba hadithi fupi, Januari mashairi, Mei riwaya.

Mkuu wa shule akachungulia mlangoni. "Dada, usisahau mazoezi ya kujificha, mwenye bunduki akija. Wiki ya kwanza."

"Ile kona isiyoonekana kutoka mlangoni inaficha watoto ishirini na wawili. Mimi nina ishirini na sita."

"Si watabanana tu! Tufanyeje?"

Mkuu alipoondoka, Loretta aliburuta rafu ya vitabu hadi pale kona ilipoishia. Akachuchumaa nyuma yake kama mtoto, akapima. Kisha akazishusha riwaya za Mei, nene kuliko vitabu vyote, akazipanga upande wa mlango, usawa wa kifua cha mtoto aliyechuchumaa.