Jina la Kwanza Kwenye Daftari

Mwalimu bora wa Mabalako alishika mikrofoni kwa vidole vilivyopasuka kwa chaki. Nyuma ya wageni wa shirika waliokuja kumtuza, pikapu ilikuwa bado imebeba mabati mapya ya kuezekea upya darasa lake lililochomwa na waasi.

“Sema aksanti tu, maîtresse,” mkurugenzi wa shule alimnong'oneza. “Ukitaja bale batoto balikufa, bageni batakasirika. Mabati itarudia Butembo.”

Aliwatazama wanafunzi wake waliobaki, wameketi juu ya mawe, wingu jeusi la mvua juu ya vichwa vyao. Akafungua daftari la mahudhurio ambalo hakuwahi kufuta jina hata moja.

“Kavira!”

Mkurugenzi akanyoosha mkono ampokonye mikrofoni.

“Présente!” mama yake Kavira akaitikia kutoka nyuma kwa niaba ya binti yake, akasimama.

Dereva wa pikapu akawasha injini.

Mwalimu akasoma jina la pili.