Maji ya Kwanza ya Mchunga

Kila nyumba iliruhusiwa mlaji mmoja tu wa mchunga, mboga chungu ya porini. Waliobaki walikula mboga tamu za mashine, na kufika miaka thelathini walikuwa vikongwe. Mwanahawa alimwandikisha bintiye, Riziki, yeye mwenyewe akaukubali uzee wa mapema bila kinyongo.

Leo mpimaji aliyekuja kukagua walaji alimkuta Riziki, mtoto wa miaka kumi, ameota mvi.

"Mchunga unaupikaje, mama?"

"Nauchemsha, namwaga maji ya kwanza, kama alivyonifunza marehemu mama. Bila hivyo mtoto hali. Mchungu kama shubiri!"

Mpimaji akafunga mkoba. "Huo uchungu ndio dawa, mama. Umeimwaga miaka yote." Akalifuta jina la Riziki, maana aliyekwisha kuota mvi hapewi tena.

Mwanahawa akachemsha fungu la mwisho lililobaki, akayamimina yale maji kikombeni. Riziki akayanywa yote bila kukunja uso.

"Mama, nimepona?"

Mwanahawa akainua macho. Mlangoni alisimama mbuzi wao, aliyemzidi Riziki miaka mitano, manyoya yakimeta kama ya mwanambuzi, akingoja maji yake ya kila siku.