Maji ya Kuoshea Kombe

Mume wa Bi Mwanaheri alikuwa akikohoa kwa mwezi wa pili sasa, na dawa za zahanati hazikumfaa. Basi Bi Mwanaheri akaenda kwa Mwalimu Shosi amwandikie mumewe kombe: aya za zafarani, zioshwe kwa maji, mgonjwa anywe. Ili asiende mikono mitupu, akachukua karatasi mpya ya kuandikia, kutoka kiwanda cha karatasi alichofanyia kazi mumewe.

Mwalimu aliigeuza juani. "Nyeupe hivi, wameiosha na nini?"

"Dawa tu, Mwalimu. Ile wanayoimwaga mtoni."

"Na wewe unataka niiroweke, mumeo anywe? Mama, unamponya au unamzika?"

Bi Mwanaheri akacheka, kisha kicheko kikamfia. Mwalimu akatoa sahani ya kauri. "Hii aliiandikia babu yangu, akaiosha, akaiandikia tena. Haijakatiwa mti hata mmoja."

Akaandika polepole mpaka sahani ikajaa. "Haya, lete maji."

Bi Mwanaheri akampa chupa. Mwalimu akaifungua, akainusa, akaifunga.

"Ya wapi haya?"

"Ya mtoni. Mji mzima tunakunywa hayo hayo."

Mwalimu hakumimina. "Kilimani, juu ya kiwanda, kulikuwa na chemchemi," alisema. "Ndani ya msitu."

"Msitu si wameumaliza, Mwalimu?"

Zafarani ilipokauka, Bi Mwanaheri akaibeba sahani kwa mikono miwili, akashika njia ya kupanda. Huku visiki, huku visiki. Alikwenda taratibu, na kila baada ya hatua chache alisimama, akasikiliza kama kuna maji yanayochuruzika.