Komeo Halidaki Jumamosi

Kocha aliingia na glavu mkononi, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichosahau. Akaziweka mezani katikati ya vikombe vya chai, wala hakukaa mpaka mke wa Komeo alipomsogezea kiti.

"Sikuja kukuamuru," alisema. "Nimekuja kukuomba. Fainali ni kesho, na sina kipa mwingine wa maana."

Komeo ni jina alilopewa na mashabiki. Akisimama golini, walisema, lango limefungwa. Ila walikuwa na utani mwingine: Jumamosi komeo liko wazi. Tangu asajiliwe hakuwahi kudaka siku ya Sabato. Mechi ikiangukia siku hiyo, alisimama kipa wa akiba, naye Komeo alikuwa kanisani, simu imezimwa. Jambo hilo lilimkosesha timu ya taifa, na klabu kubwa zilizomtaka zikaghairi. Hakulalamika hata mara moja.

"Kocha, mama yangu unamjua," alisema.

Kocha alimjua sana. Ndiye aliyekuja klabuni siku ya kusaini, mkoba kwapani, akakaa mbele ya mwenyekiti na kukataa hata soda mpaka habari ya Jumamosi iandikwe kwenye mkataba. Na zamani, Komeo akiwa bado mtoto, alimfuata uwanjani akamtoa golini kwa sikio huku mechi inaendelea. Wenzake walifungwa bao wakiwa hoi kwa kicheko. Mama huyo hakuwahi kumtazama mwanawe akicheza, hata siku za katikati ya wiki. "Nikishauonja huo mpira nitalegea," alikuwa akisema.

Sasa alikuwa hospitali, na madaktari walikwisha acha kuzungumzia kupona. Walizungumzia maumivu tu.

"Jana jioni nilikuwa kwake," Komeo alisema. "Alijua kuhusu fainali, wauguzi hawana habari nyingine. Akanishika mkono, akasema, 'Mwanangu, hiyo Jumamosi...' Pumzi ikamkatika. Nikamwambia usijisumbue, Mama, najua. Sijawahi kukuangusha, na sitakuangusha sasa."

"Akasemaje?"

"Hakuweza kusema. Alinitazama tu, machozi yakamtoka, akawa anaubusu mkono wangu. Mama yangu, Kocha! Mwanamke ambaye sijamwona akilia hata baba alipofariki. Baada ya hapo nikivaa hizo glavu, nitamtazama kwa macho gani?"

Kocha alikoroga chai iliyokuwa imeshapoa.

"Yule kipa wa akiba, mtoto wa watu, anatetemeka tangu asubuhi," alisema mwishowe.

"Mwambie asikurupuke kutoka golini. Ana mikono mizuri kuliko anavyodhani."

Kocha aliondoka na glavu zake. Jua lilikuwa linazama, Sabato inaingia, na Komeo akazima simu.

"Una uhakika, mume wangu?" mkewe aliuliza.

"Mimi na Mama tunaelewana hata bila kusema."

Kanisa halikuwa mbali na uwanja. Siku ya pili, ibada ya alasiri ilipoanza, kelele za mashabiki ziliingia madirishani, na mchungaji akalazimika kupaza sauti. Komeo aliketi mbele, suti imenyooka, macho ameyafumba. Lakini kila uwanja ulipolipuka, mikono yake ilishtuka mapajani kama inafuata mpira. Mkewe akaifunika kwa mkono wake.

Aliomba jambo moja tu: Mungu aipokee siku hii, na mama yake aondoke bila kuteseka.

Baada ya ibada mzee wa kanisa alimkumbatia. "Mama yako alilea," alisema, na Komeo, mtu mzima mwenye mabega ya kubeba mlango, akalia kwenye bega la mzee huyo.

Jua lilipozama, walikwenda hospitali kwa miguu, kwa sababu barabara zilikuwa zimefungwa na watu wenye jezi na tarumbeta. Kijana mmoja alimtambua.

"Komeo! Tumebeba kombe bila wewe! Dogo kadaka mpaka penalti!"

"Hongereni," Komeo alijibu, na alimaanisha. Alihisi mzigo umemtoka kifuani. Klabu imepata kombe lake, naye ana habari ya kumpelekea mama. Akaongeza mwendo hadi mkewe akawa anakimbia nyuma yake.

Wodini, kitanda kilikuwa kimeondolewa shuka. Muuguzi alisimama kutoka mezani kwake.

"Pole, kaka. Tumekupigia tangu alipozidiwa, simu haipatikani."

Komeo alishika chuma cha kitanda.

"Aliteseka?" aliuliza.

"Alikataa sindano ya kutuliza maumivu, maana ingemlaza. Alitaka redio." Muuguzi alifuta macho kwa kiganja. "Alisema leo ndiyo mara ya kwanza anakusikiliza ukicheza. Eti juzi alipoanza tu kukupa ruhusa, ukawa umeshamwelewa, hata hakuhitaji kumaliza."

Mkewe aliufunika mkono wake juu ya chuma.

"Masikio yalikuwa yanamwacha, majina hakuyapata vizuri," muuguzi aliendelea taratibu. "Lakini kila mtangazaji alipopiga kelele kwamba kipa kaokoa, alipiga makofi, akasema, 'Huyo wangu.' Nasi tukawa tunamwitikia, 'Ndiyo, Mama. Huyo wako.'"