Kiti cha Bluu

Kasanzu, seremala, aliizunguka shule ya chekechea mara mbili ndipo akauona mlango ulioachwa wazi. Pale zahanati aliambiwa kwamba wanaoacha pombe hukutana humo kila Alhamisi, watoto wakishaondoka. Ndani, watu wazima saba walikuwa wameketi kwenye viti vya watoto, magoti yamekaribia videvu.

"Karibu, kaka," alisema Mama Nyamizi, aliyekuwa akimimina chai. "Ila hicho cha bluu usikikalie. Kinayumba kama sisi enzi zile."

Wakacheka. Kasanzu hakucheka. Viti vile alivitengeneza yeye, na hicho cha bluu alikimalizia asubuhi ambayo mikono yake ilikataa kutulia mpaka alipoonja gongo. Chini ya mguu mmoja mtu alikuwa ameweka karatasi iliyokunjwa mara nne.

Akautazama mlango. Kisha akachuchumaa, akakipindua kiti, akaubonyeza ule mguu kwa kidole gumba.

"Ni mfupi kwa nusu inchi," alisema. "Hii ni kazi yangu. Nilikuwa nimelewa."

Hakuna aliyecheka sasa. Mama Nyamizi alimpa kikombe.

"Kinatengenezeka, fundi?"

"Kinatengenezeka. Hiyo mitatu mingine ndiyo ya kupunguza." Akasita. "Alhamisi ijayo nitakuja na msumeno."

Akakisimamisha kiti, akakikalia taratibu. Chai ikachezacheza ndani ya kikombe, naye akakishika kwa mikono yote miwili, akingoja itulie.