Maandazi Yanayoimba

Siku hizi sheria ya Mombasa ni hii: msimu wa ndege wahamaji, ndege adimu akitua kwako, ghorofa nzima mnafunga virago, na nyumba ni yake mpaka atakapojisikia kuondoka. Mwaka jana korongo mmoja alitawala jengo zima la Tudor hadi Ramadhani, na hata kufagia hakufagia.

Basi Mwanaidi alipomkuta ndege wa buluu, kifua rangi ya chungwa, amesimama kwenye meza ya roshani, aliangaza huku na huko kama kuna aliyeona. Chumbani alilala mama mkwe wake, akipumua kwa mashine. Daktari alishasema akihamishwa tu, basi tena. Mwanaidi akanyakua kawa la kufunikia chakula, akamfunika yule ndege.

"Shemeji!" Jirani yake Athmani alikuwa roshani ya pili, meno yote nje. "Umeficha nini hapo? Biriani?"

"Maandazi."

"Nirushie moja, basi."

"Bado ya moto."

Chini ya kawa ukatoka wimbo mwembamba, mtamu. Athmani akaacha kucheka.

"Maandazi yako yanaimba."

Mwanaidi alitazama chumbani, kisha akamtazama yeye. Juu ya mapaa, droni ya wakaguzi ilikuwa inakuja ikivuma. Athmani akaanza kukohoa, kikohozi cha kupasua mbavu, hadi ikapita.

"Usihofu," akanong'ona, akisogea kando. Kwenye meza nyuma yake kulikuwa na kawa. "Yangu yaliimba jana kutwa. Leo yamenyamaza."